Ulitolewa Jeshi la Akiba la Marekani kwa Sifa Mbaya? Jinsi ya Kuomba Ibadilishwe

Hesabu yenyewe ndiyo huwashtua watu. Katika Jeshi la Akiba la Marekani, lile la nchi kavu, wikendi moja ya drili, yaani mafunzo ya kikosi, huhesabiwa kuwa vipindi vinne: asubuhi na alasiri ya Jumamosi, asubuhi na alasiri ya Jumapili. Askari akikosa vipindi tisa bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja, kanuni inamhesabu kuwa ameshindwa kushiriki. Tisa ni nyingi ukizisikia tu. Lakini aliyekosa wikendi mbili tayari anazo nane, na asubuhi moja akipitiwa na usingizi baada ya zamu ya usiku, zimetimia.

Wengi wanaonipigia simu waliondolewa hivyo. Hawakupigana na mtu wala hawakuiba bunduki. Walikuwa wakifanya zamu mbili katika nyumba za kutunzia wazee, wakahama nyumba mara tatu kwa mwaka, mama akafariki kijijini, wakasafiri. Barua za jeshi zikawa zinatumwa kwa anwani ya zamani. Miaka sita baadaye mtu anaomba kazi ya serikali au mkopo wa nyumba wa maveterani, anaambiwa alete karatasi zake, na hapo ndipo anapoona kwa mara ya kwanza kwamba alitolewa kwa sifa mbaya. Wengine ni wale walioingia kupitia MAVNI, mpango uliowapokea wahamiaji wenye lugha adimu, Kiswahili kikiwemo, hadi milango yake ilipofungwa mwaka 2016.

Mwongozo huu ni wa askari wa akiba na wa Walinzi wa Taifa (National Guard, jeshi la akiba la majimbo). Aliyekuwa jeshini muda wote atapata humu mengi ya kumfaa, ila kesi ya askari wa akiba ina mambo yake, na mawakili wengi huyapita mbio.

Kwanza, jua ulipewa nini

Kuna sifa tano, na moja isiyo sifa. Ya juu ni Honorable, kuondoka kwa heshima. Inafuata General, ambayo kwa ukamilifu huandikwa "General, Under Honorable Conditions". Hii bado ni ya heshima ila ina doa, na doa hilo lina gharama: faida ya masomo ya GI Bill hutaka Honorable kamili. Ya tatu ni "Under Other Than Honorable Conditions", ambayo wanajeshi huiita OTH. Hii ndiyo inayowaumiza wengi, na katika jeshi la nchi kavu huja pamoja na kushushwa hadi cheo cha chini kabisa. Mbili za mwisho, Bad Conduct na Dishonorable, hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake. Kama hukuwahi kusimama mbele ya mahakama hiyo, hizo si zako, hata kama sajini alikutisha nazo.

Ile isiyo sifa ni Uncharacterized. Hupewa aliyeondoka mapema kabla jeshi halijampima. Si mbaya, si nzuri. Nayo pia unaweza kuomba ibadilishwe, ingawa utalazimika kueleza kwa nini muda mfupi uliotumikia unastahili kupewa sifa.

Tuondoe na uongo mmoja unaozunguka kambini tangu enzi na enzi: kwamba sifa hupanda yenyewe baada ya miezi sita. Haipandi. Haikuwahi kupanda yenyewe. Usipoomba, itakaa ilivyo hadi uzeeni.

Hatua ya kwanza: lete faili lote mezani kabla hujaandika neno

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa, kwa sababu mtu ana uchungu na anataka kuanza kwa kujieleza. Subiri. Huwezi kujibu shtaka ambalo hujalisoma.

Askari wa kudumu akiondoka hupewa DD 214, na kila kitu kimeandikwa humo. Wewe wa akiba mambo yako yametawanyika. DD 214 hutolewa kwa kipindi cha utumishi wa kudumu, kama vile mafunzo ya mwanzo au kupelekwa nje ya nchi. Kwa hiyo unaweza kuwa nayo moja ya mafunzo na nyingine ya Kuwait, zote safi, huku sifa mbaya ikiwa kwenye karatasi nyingine kabisa: amri ya kuondolewa, ukurasa mmoja wenye namba ya amri, tarehe na mstari unaotaja sifa. Aliyekuwa Mlinzi wa Taifa atatafuta NGB 22. Nimewahi kumwona mtu akituma ombi la kurekebisha DD 214 ambayo haikuwa na kosa lolote. Alisubiri zaidi ya mwaka kujibiwa kwamba hakuna cha kurekebisha.

Omba faili lako kwa fomu ya SF 180, au kupitia tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Faili nyingi ziko St. Louis, Missouri. Walinzi wa Taifa waombe pia makao makuu ya jeshi la jimbo lao, kwa sababu karatasi nyingi za drili hubaki huko. Usiombe "DD 214 yangu" tu. Andika kwamba unataka faili lote la utumishi pamoja na la matibabu, na utaje haya kwa majina: kumbukumbu za mahudhurio ya drili, barua zote za kukutaarifu kwamba umekosa, taarifa ya kusudio la kukuondoa pamoja na viambatisho vyake, uthibitisho wa posta kwamba barua zilipokelewa, mapendekezo ya kamanda, na amri yenyewe.

Likifika, lisome ukiwa na kalamu na kalenda. Tengeneza jedwali lako kwenye daftari. Safu ya kwanza, tarehe ya kila kipindi ulichokosa. Ya pili, ulikuwa wapi siku hiyo. Ya tatu, barua iliyotumwa kuhusu siku hiyo na anwani iliyoandikwa juu yake. Ya nne, ulikuwa ukiishi wapi kweli. Safu ya tatu na ya nne zisipofanana, umeshapata kitu cha kuanzia.

Hatua ya pili: mlango upi?

Iko milango miwili, na tofauti yake ni muda.

Kama hujapitisha miaka 15 tangu tarehe ya kuondolewa, nenda Bodi ya Mapitio ya Kuachishwa ya tawi lako, kwa fomu ya DD 293. Bodi hii inaweza kubadilisha sifa na pia sababu iliyoandikwa. Haiwezi kukurudisha jeshini, na haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Na hairuhusiwi kukuongezea ubaya. Hili nalisisitiza kwa sababu hofu ya kuchokoza nyuki imewazuia watu wengi. Ukija na General, huwezi kutoka na OTH.

Ikiwa miaka 15 imepita, au unachotaka kinazidi sifa na sababu, mlango wako ni Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, kwa fomu ya DD 149. Kisheria unatakiwa kuomba ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe muda kwa ajili ya haki. Usiiache sehemu hiyo ya fomu wazi. Eleza uligundua lini na kwa njia gani. Mtu ambaye barua hazikumfikia ana maelezo mazuri hapa: aligundua siku alipoiona karatasi. Bodi hii kwa kawaida huamua kwa makaratasi, na huna haki ya moja kwa moja ya kusikilizwa ana kwa ana. Nayo hutaka uwe umemaliza mlango wa kwanza, kama ulikuwa bado wazi kwako.

Kila tawi lina bodi zake. Wanamaji na Marine wanatumia za pamoja, Jeshi la Anga lina zake, na Walinzi wa Pwani wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Anwani zimechapishwa kwenye fomu yenyewe. Pakua toleo jipya kila mara, maana fomu ya zamani inaweza kurudishwa.

Hakuna ada, hata senti. Anayekuambia "nipe dola mia nane nikuingizie ombi" anakuuzia maji ya mvua.

Hatua ya tatu: tafuta hoja yako

Bodi huanza na dhana kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Unaweza kuubeba kwa njia mbili, au kwa zote pamoja. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba utaratibu ulivunjwa. Ya pili ni kuonyesha kwamba hata kama utaratibu ulifuatwa, matokeo hayakuwa ya haki.

Kuhusu utaratibu, mwenye kesi ya akiba ana uwanja mpana kuliko anavyodhani. Kabla ya kutolewa kwa OTH ulikuwa na haki ya kutaarifiwa kwa maandishi, ya kupewa wakili wa kijeshi, na ya kusikilizwa na baraza. Askari mwingi wa akiba huandikiwa kwamba "aliachilia" haki hizo kwa kutojibu. Lakini kutojibu barua ambayo hukuipata si kuachilia chochote. Rudi kwenye jedwali lako. Je, ile kadi ya kijani ya posta inayosainiwa wakati wa kupokea imo kwenye faili? Saini ni yako? Je, bahasha ilirudi, na kikosi kikaendelea tu? Je, kikosi kilikuwa na namba yako ya simu, na barua pepe yako ya jeshi ilionyesha kwamba uliwajulisha kuhusu kuhama? Hapa niseme ukweli ambao hauwafurahishi wanaonijia: kanuni humtaka askari atoe taarifa anapohama, na kikosi kilichotuma barua kwa anwani ya mwisho unayotambuliwa nayo kitasema kilitimiza wajibu wake. Kwa hiyo "nilihama" peke yake ni hoja dhaifu. "Nilihama, nikamwandikia sajini wa kikosi tarehe fulani, na ujumbe wenyewe ni huu" ni hoja.

Hesabu pia vile vipindi tisa mwenyewe. Je, vyote viko ndani ya mwaka mmoja? Kuna siku uliyokuwa na ruhusa, au drili ya kufidia uliyoifanya na ikasahaulika? Karatasi za malipo husema ukweli ambao orodha ya mahudhurio imeusahau: ukilipwa kwa siku hiyo, ulikuwepo.

Kuna hoja nyingine ambayo ni ya askari wa akiba peke yake. Siku ya Jumanne wewe ni raia. Kanuni za Wizara ya Ulinzi zinasema kwamba jambo ulilofanya uraiani, ukiwa hauko kwenye utumishi wala mafunzo, linaweza kukuletea OTH pale tu lilipogusa moja kwa moja utekelezaji wa kazi zako za kijeshi. Aliyekamatwa akiendesha gari amelewa baada ya harusi ya binamu yake, katikati ya wiki, akaondolewa kwa OTH, aangalie kama faili lina mstari wowote unaoonyesha kosa hilo liliathiri vipi kazi yake kikosini. Wakati mwingine hakuna hata mmoja. Huo mstari usiokuwepo unautaja kwenye hoja yako.

Sasa upande wa haki. Hapa unaleta utumishi wako wote: tathmini, nishani, barua za pongezi, miezi uliyokaa ughaibuni na kikosi. Unaleta pia mazingira. Uliomba kuhamishiwa kikosi cha karibu ukakataliwa, huku ukiendesha gari saa tano kufika drili? Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake? Unaweza pia kuonyesha kwamba kanuni za leo zingekutendea vizuri zaidi, au kwamba wenzako waliofanya kosa lile lile walipewa General. Maamuzi ya zamani ya bodi yamewekwa wazi mtandaoni, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta yanayofanana na lako, chapisha mawili au matatu, uyaambatishe.

Kama kulikuwa na ugonjwa wa akili, kiwewe cha vita kinachoitwa PTSD, jeraha la ubongo, au shambulio au unyanyasaji wa kingono ukiwa jeshini, kesi yako ina mlango mpana zaidi. Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliziagiza bodi kuwatazama wenye PTSD kwa jicho la huruma. Waraka wa Februari 2016 ukazitaka zisamehe muda uliopita, na wa Agosti 2017, uitwao wa Kurta, ukapanua na kutaja maswali manne ambayo bodi lazima ijiulize. Ulikuwa na hali hiyo, au tukio hilo lilikupata? Lilikuwa wakati wa utumishi? Je, linaeleza au kupunguza uzito wa kosa? Na je, uzito wake unazidi ule wa kosa? Yajibu manne hayo kwa vichwa vinne, kwa mpangilio huo huo. Waraka huo unasema pia kwamba ushahidi unaweza kuwa maneno yako mwenyewe, kwa hiyo aliyeshambuliwa na hakuripoti asijione amefungiwa nje. Ukidai PTSD au jeraha la ubongo kutokana na kupelekwa vitani, sheria inataka jopo liwe na daktari, mwanasaikolojia au mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye ujuzi wa mambo hayo.

Kwetu jambo hili lina ugumu wake. Wengi tulilelewa kwamba mwanamume halii na kwamba aliyerudi na akili iliyotikisika amerogwa au hasali vya kutosha. Kwa hiyo faili la hospitali ni tupu. Hali hiyo ieleze kama ilivyo. Mke aliyekuwa akilala chumba kingine kwa sababu ya kelele zako za usiku anaweza kuandika barua, na barua yake ni ushahidi.

Julai 2018 ukaja waraka wa Wilkie kuhusu huruma na nafasi ya pili. Huo ndio wa kuutumia kama kosa ulifanya kweli, huna ugonjwa wa kuonyesha, na miaka imepita ukiwa mtu mwingine.

Hatua ya nne: andika maelezo yako

Kurasa mbili au tatu, kwa Kiingereza, zilizochapwa. Orodhesha hoja kwa namba. Bodi ya mapitio inawajibika kujibu kila hoja uliyoitaja bayana, na hoja iliyojificha katikati ya aya ndefu ya malalamiko ni rahisi kuipita.

Anza na unachotaka: "Naomba sifa ibadilishwe kutoka OTH kuwa Honorable, na sababu iliyoandikwa ibadilishwe pia." Omba ya juu. Bodi inaweza kukupa ya katikati, lakini haina sababu ya kukupa zaidi ya ulichoomba. Kisha simulia kwa tarehe. Kosa lako likubali mapema na kwa ufupi: "Nilikosa drili ya Machi bila kupiga simu. Nilipaswa kupiga." Anayesoma ameona mamia ya maelezo yanayomlaumu kila mtu isipokuwa mwandishi. Kamanda wako hata kama alikuwa nyoka, mwache apite. Eleza alichofanya, jina la mnyama liache.

Yupo mmoja niliyemsaidia, tumwite bwana wa Lowell, ambaye rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa kumi na moja, tano zikiwa juu ya sajini mmoja. Tulizikata zote. Kilichobaki kilikuwa safari ya mazishi ya siku 19, jumbe mbili za simu, na bahasha iliyorudi. Hicho kilitosha kujaza kurasa mbili, na kilisomeka.

Hatua ya tano: vielelezo

Kila sentensi ya maana iwe na karatasi nyuma yake, na kila karatasi iwe na namba. Kama ulikwenda nyumbani kumzika mzazi, unazo karatasi kuliko unavyokumbuka: mihuri ya uhamiaji kwenye pasipoti, tiketi ya ndege, cheti cha kifo, kibali cha mazishi, tangazo la kifo gazetini, programu ya ibada yenye jina lako kati ya watoto wa marehemu, hata ujumbe wa kundi la WhatsApp la kuchangisha mazishi wenye tarehe. Muhuri wa Jomo Kenyatta au wa Julius Nyerere wenye tarehe hauna mjadala.

Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili, Kikuyu au Kinyarwanda kitafsiriwe. Mtafsiri si lazima awe wa kulipwa. Anatakiwa kujua lugha zote mbili na kusaini tamko kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Asiwe wewe. Mwenzako kanisani au msikitini anatosha. Cheti cha kifo kinachotumia majina tofauti na yale uliyomwandikia jeshi, kwa mfano mama aliyeandikwa kwa jina la ubatizo huku na la ukoo kule, kiambatanishe na hati ya kiapo inayoeleza kwamba ni mtu mmoja.

Kwa maisha baada ya jeshi: vyeti vya shule, leseni ya uuguzi, barua ya mwajiri, rekodi ya polisi isiyo na doa. Barua za watu wanaokufahamu ziwe tatu au nne zenye mambo mahususi. Barua ya mchungaji inayosema wewe ni mcha Mungu haina uzito wa ile ya msimamizi wa zamu inayosema hujakosa kazi bila taarifa kwa miaka minne. Fikiria kosa lako lilikuwa nini: kutofika. Basi ushahidi bora ni wa mtu anayeweza kuapa kwamba unafika.

Simama hapa kama wewe ni mhamiaji

Kabla ya kutia saini, ongea na wakili wa uhamiaji. Nina sababu mbili.

Ukiwa na kadi ya kijani ya ukaazi tu, bila uraia, kukiri kwa maandishi kwamba ulitumia dawa za kulevya, hata bangi ambayo jimbo lako limeiruhusu, kunaweza kukuletea matatizo mbele ya maafisa wa uhamiaji, kwa sababu sheria ya shirikisho haiitambui ruhusa ya jimbo. Maelezo yako kwa bodi ni maandishi yenye saini. Jinsi ya kuliandika jambo hilo, au kutoliandika, si kazi ya rafiki wala ya mwandishi wa mwongozo.

Ya pili ni uraia wenyewe. Ukiwa ulipata uraia kwa njia ya utumishi wa kijeshi, sheria inaruhusu unyang'anywe ikiwa uliondolewa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima. Ukiwa bado hujaupata, General inahesabiwa kuwa ya heshima kwa ajili ya uraia, OTH haihesabiwi. Kwa mtu wa namna hii, kutoka OTH hadi General pekee kunaweza kuwa na thamani kuliko chochote ambacho GI Bill ingemlipia.

Kutuma na kungoja

Nani akusaidie? Mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW yana wawakilishi wasiotoza. Kaunti nyingi zina afisa wa huduma za maveterani. Vyuo kadhaa vya sheria, Yale na Harvard vikiwemo, vina kliniki zinazochukua kesi hizi bure, ingawa foleni ni ndefu. Mwulize kila mmoja: umewahi kushika kesi ya askari wa akiba isiyo na DD 214? Jibu lake litakuonyesha kama anajua au anabahatisha.

Tuma nakala, kamwe usitume hati halisi, na ujiwekee seti nzima. Bodi za jeshi la nchi kavu hupokea maombi mtandaoni. Ukituma kwa posta, lipia uthibitisho wa kupokelewa, tena wewe kuliko mtu yeyote unajua kwa nini. Na ukihama wakati unasubiri, waandikie bodi siku hiyo hiyo.

Utasubiri. Sheria inazitaka bodi za marekebisho zimalize sehemu kubwa ya maombi ndani ya miezi 10 na zisipitishe 18, lakini usipange harusi kwa kalenda hiyo. Wakati huo huo nenda VA, Idara ya Maveterani ya Marekani. Idara hiyo huamua yenyewe nani anastahili, na hutazama kipindi cha utumishi kinachohusika. Aliyepelekwa vitani na kikosi cha akiba, akarudi na DD 214 yenye Honorable, kisha akatolewa kwa OTH miaka miwili baadaye kwa kukosa drili, bado anaweza kustahili kwa kile kipindi cha kwanza. Nimekutana na watu waliojinyima matibabu kwa miaka kwa kutolijua hili tu.

Kwenye DD 293 utaulizwa kama unataka kesi isomwe kwa makaratasi au usikilizwe. Ukianza na makaratasi na kushindwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa, alimradi uko ndani ya ile miaka 15. Kwa hiyo mwenye muda hupata nafasi mbili, na uamuzi wa kwanza humwonyesha bodi haikuridhika na nini. Aliyebakiza miezi michache aombe kusikilizwa moja kwa moja. Siku hizi unaweza kusikilizwa kwa video. Vaa kama unakwenda kuposa. Jibu swali uliloulizwa, kisha nyamaza. Usipotokea bila taarifa, unapoteza haki hiyo, na hutapenda kueleza kutotokea kwako katika kesi ya kutotokea.

Wakikataa

Soma uamuzi hoja kwa hoja. Kutoka bodi ya mapitio unaweza kwenda bodi ya marekebisho. Bodi ya marekebisho ikikataa, unaweza kuomba iangalie upya ukiwa na ushahidi mpya ambao haikuwa nao mwanzo. Kurudisha karatasi zile zile hakusaidii. Walioondolewa tarehe 20 Desemba 2019 au baadaye wana ngazi ya juu zaidi, bodi ya rufaa ya Wizara ya Ulinzi, wakishamaliza zile mbili. Baada ya hapo ni mahakama ya shirikisho, na huko usiende bila wakili.

Wakikubali

Utapokea uamuzi, na baadaye karatasi mpya: amri au cheti kipya, au DD 214 mpya kama hiyo ndiyo iliyorekebishwa. Usiifungie kabatini. Peleka nakala VA, kwa wakili wako wa uhamiaji, na kwa mwajiri aliyekuwa na ile ya zamani. Uliza kama cheo kimerudishwa na kama kuna malipo yanayofuatana nacho, maana haya hayajileti.

Na kabla ya yote hayo, kagua jina. Sisi tuna majina matatu, na kompyuta ya jeshi ina nafasi ya mawili na herufi moja katikati. Yule bwana wa Lowell alipata Honorable yake iliyoandikwa kwa jina la babu yake mbele na lake la kwanza mwisho. Ilibidi ajaze DD 149 nyingine.